Nyegere Chini ya Sebule ya Shaaban

Mkisikia kitu kinakoroma chini ya sakafu, wanangu, kwanza hakikisheni baba yenu hayumo humo. Nasema hivyo kwa sababu imewahi kunitokea. Niliitwa nyumba moja kule Upplands Väsby, mama mwenye nyumba akaniambia kuna mnyama chini ya veranda yake ya mbao, anakoroma mchana kutwa. Nikavaa ovaroli, nikalala kwa tumbo, nikajipenyeza na tochi mdomoni, nikamkuta mumewe kwenye godoro la kupigia kambi. Walikuwa wamegombana. Akanisihi nimwambie mkewe kwamba sikuona kitu. Nikatoka, nikajikung'uta vumbi, nikamwambia yule mama kwamba mnyama yupo, ni mkubwa, hana madhara, na njaa ikimzidi atatoka mwenyewe.

Ndiyo kazi niliyoifanya hapa Stockholm tangu nikiwa na kiuno chembamba hadi magoti yaliponigomea. Kuondoa panya, nyigu, popo, kindi darini, mbweha chini ya banda, na kila kiumbe anayehamia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Jina langu la ubatizo ni Eufrasia, nilipewa Morogoro, lakini likitajwa harusini hakuna anayegeuka. Watu wetu wananiita Mama Panya. Wakongo wamelipamba kidogo, kwao mimi ni Maman Panya, na kwa masikio yangu linakaa kama jina la duka la manukato.

Siku hizi baadhi yenu mnaniuliza kazi hii inaingiwaje. Mnaniuliza kwa Kiswidi, nawajibu kwa Kiswahili, na tunaelewana hivyo hivyo. Mimi sikuichagua. Nililetwa huku kusomea misitu, nikagundua kuwa msitu wa Uswidi mwezi wa pili si mahali pa mtoto wa Morogoro. Nikatafuta kazi yoyote ya ndani ya nyumba. Nikaipata, ila hakuna aliyeniambia kwamba ni ndani kweli, chini kabisa, kwenye buibui.

Aliyenifundisha ni Mswidi wa kaskazini, Gunnar, mrefu kama mlingoti, ugoro chini ya mdomo wa juu muda wote. Alizungumza kwa nadra kama mtu mwenye jino bovu. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mteja, tukakaa jikoni tukanywa kahawa, tukala mkate wa mdalasini, yeye kimya, mimi kimya, mwenye nyumba anaongea. Nikadhani Gunnar ni mvivu. Kumbe alikuwa anasikiliza dari. Tulipotoka nje akasema, "Kindi. Wawili. Kona ya mashariki." Akapanda ngazi, akawakuta kona ya mashariki.

Basi nanyi anzeni hapo: kaeni, nyamazeni, mnywe kahawa ya watu. Mwenye nyumba atawaeleza anachokiogopa, na mara nyingi sicho kilichopo. Halafu tumieni pua. Mbweha ananuka na anaacha mifupa mlangoni, hana aibu. Ila yule mnyama ambaye Waswidi wanamwita grävling, mnene, mfupi, uso mweupe wenye michirizi miwili myeusi, ni msafi kupita wapangaji wengi niliowahi kuwaona. Choo chake anachimba mbali, pembezoni mwa bustani. Matandiko yake anayatoa nje yapate hewa, kisha anayarudisha kinyumenyume akiwa ameyakumbatia kifuani. Sisi tulimwita nyegere, maana ni wa ukoo mmoja na yule nyegere wa kwetu. Tofauti ni kwamba wa kwetu ana hasira za bure. Huyu wa huku amelelewa Uswidi, anakasirika baada ya kutafakari.

Kama hamjui ni nani anaishi chini ya nyumba, nyunyizeni unga wa ngano mbele ya tundu jioni. Asubuhi mkikuta nyayo za vidole vinne, kama za mbwa, huyo ni mbweha. Mkikuta vidole vitano vipana na alama za kucha ndefu mbele yake, kama kiganja cha mtoto aliyekataa kukatwa kucha, huyo ni nyegere. Unga wa ngano tu. Nilijaribu wa sembe mara moja, nikakuta asubuhi wameudonoa wote, nadhani kuku wa jirani.

Gunnar huyo huyo mkimya ndiye aliyenifanyia uhuni mkubwa kuliko wote. Aliniambia kwa uso mkavu kwamba nyegere akikung'ata mguu haachii mpaka asikie mfupa unalia. Kwa hiyo fundi mwenye akili hujaza mkaa ndani ya buti, mnyama aume, asikie mkaa unavunjika, aridhike aende zake. Nilimwamini. Nilitembea na mkaa kwenye buti, nikitoa sauti kama mtu anayetafuna bisi, na hakuna aliyeniuliza kwa sababu Waswidi hawaulizi. Lakini mnajua desturi ya huku, viatu vinavuliwa mlangoni. Siku moja, kwa mama mmoja wa Farsta mwenye zulia jeupe la manyoya, nikavua buti nikaingia na soksi. Yule mama aliangalia nyayo zangu nyeusi zikivuka zulia lake kutoka mlangoni hadi jikoni, akaniuliza kwa upole kama ningependa kutandikiwa gazeti. Nilipomsimulia Gunnar alicheka mpaka ugoro ukamtoka. Akakiri kuwa ni hadithi ya wazee wa kwao, na kwamba naye alipokuwa kijana babu yake alimtembeza hivyo hivyo.

Lakini mlitaka niwaeleze ya Shaaban, kwa sababu mmesikia nusu nusu, na walioisimulia wameitia chumvi. Mimi nilikuwepo.

Shaaban alikuwa dereva wa basi, mtu wa Tanga, mgane mwenye binti mmoja anayeitwa Zuhura. Waliishi kitongoji cha Vällingby kwenye nyumba ya zamani ya mbao iliyokaa juu ya nguzo fupi za zege. Chini ya sakafu palikuwa na uwazi, lakini mwembamba mno, hata mimi wa enzi za kiuno nisingepita. Mwaka huo Zuhura alikuwa anaolewa na kijana wa Kimombasa, na sherehe ilipangwa pale pale nyumbani, mwezi wa sita, kwa sababu marehemu mama yake alikuwa akisema tangu zamani kwamba binti hatatolewa ukumbini kama mzigo. Shaaban alitengeneza sebule upya kwa ajili hiyo. Sakafu ya mbao za mwaloni aliipanga mwenyewe, ubao kwa ubao, kila akitoka zamu. Mgeni akiingia alimwonyesha sakafu kabla ya kumwonyesha kiti.

Mwezi wa tano akanipigia simu. Akasema, "Dada Eufrasia, kuna watu wamehamia chini yangu."

Nikaenda na unga wangu. Asubuhi tukakuta vidole vitano, vikubwa, na kando yake vingine vidogo vidogo. Mama na watoto. Tundu lilikuwa pembeni mwa ngazi za bustani, kubwa kama ndoo, na udongo uliotolewa ungetosha kujaza bafu. Nikamweleza Shaaban kwamba hapo mikono yangu imefungwa. Mama mwenye watoto wachanga haguswi, sheria inamlinda, na hata kama isingemlinda mimi nisingefanya. Wangesubiriwa mpaka mwisho wa kiangazi, watoto waweze kumfuata mama yao, ndipo tuwatoe bila kumdhuru yeyote.

Aliniuliza amweleze nini mkwe wake kutoka Mombasa, baba wa bwana harusi. Nikamwambia amweleze kwamba ni wageni wa upande wa bibi harusi.

Hakucheka. Akaenda kutafuta ushauri kwingine, na ushauri haukosekani. Mtu mmoja kazini kwake alimwambia nyegere hawapendi kelele za watu wanaozungumza. Akaweka redio ndogo ya betri mdomoni mwa tundu, ikisoma habari kutwa. Kesho yake redio haipo. Yule mama nyegere alikuwa ameivuta ndani pamoja na matandiko yake, na kwa siku kadhaa utabiri wa hali ya hewa ulisikika chini ya sofa, kila saa, mpaka betri zikaisha. Shaaban alinieleza hayo kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Nilibana simu kifuani ili asinisikie.

Baada ya redio akaanza kuzungumzia mpira wa maji. Yaani autumbukize tunduni, afungulie bomba. Hapo Zuhura akaingia. Zuhura alikuwa anajibu kila kitu kwa Kiswidi, kama wengi wenu, na siku hiyo alimwambia baba yake kwa Kiswidi kilichonyooka kwamba akiwazamisha wale watoto, basi siku ya harusi atafute bibi harusi mwingine wa kukalia kiti cha harusi. Baba akamjibu kwamba nyumba ni yake. Binti akamjibu kwamba harusi ni yake. Wakanuniana. Kuanzia hapo kila mmoja alizungumza na mwenzake kupitia kwangu. Nilikuwa namtafsiria Shaaban Kiswidi cha binti yake, dereva ambaye amewabeba Waswidi kwenye basi maisha yake yote na anakijua Kiswidi kunishinda.

Na kulikuwa na jirani. Gunilla, mama wa makamo anayeishi peke yake ng'ambo ya ua wa miti, na mbwa wake Sixten, wale mbwa warefu wa miguu mifupi walioumbwa kama soseji. Shaaban na Gunilla walikuwa hawasalimiani. Gunilla alilalamikia moshi wa nyama choma, Shaaban alilalamikia Sixten, ambaye kila asubuhi alikuja kukojolea mawaridi yake kwa nidhamu ya mtu anayekwenda kazini. Lakini chini ya ugomvi huo palikuwa na jambo jingine. Wakati mama Zuhura alipokuwa mgonjwa, miezi ile mibaya, mtoto alikuwa akila kwa Gunilla, akifanya kazi za shule kwa Gunilla, akilala kwa Gunilla. Shaaban hakusahau. Ndiyo maana alikasirika zaidi. Aliwahi kuniambia kwamba ni vigumu sana kumshukuru mtu huku mbwa wake amesimama kwenye maua yako na mguu mmoja juu.

Wiki ya harusi nilikwenda kukagua zile nguzo za zege, nione kama uchimbaji umezilegeza. Ilikuwa mchana, jua kali la mwezi wa sita. Sebule ilikuwa tayari: viti vimevishwa vitambaa vyeupe, masinia ya pilau ya kuazima yamepangwa ukutani, sakafu inang'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga. Nilikuwa nimeinama bustanini nilipomwona Gunilla anavuka ua. Hakupita getini, alipita katikati ya miti, akiwa na ndara za ndani, mkononi ameshika mkanda wa mbwa usio na mbwa.

Sixten alikuwa ameingia tunduni.

Sasa eleweni, wale mbwa walizalishwa kwa kazi hiyo hiyo, kuwafuata nyegere chini ya ardhi. Ndani ya Sixten, aliyelala kwenye mto wa hariri na kulishwa ini la kuku, bado kulikuwa na babu yake mwindaji. Na mbele yake kulikuwa na mama mwenye watoto. Nililaza sikio mdomoni mwa tundu nikasikia kubweka, mbali, kisha ngurumo nzito, kisha kitu kama udongo unaoporomoka. Halafu kimya.

Tukaingia sebuleni, mimi, Shaaban, Zuhura na Gunilla. Nikaomba glasi, nikaigeuza sakafuni, nikaweka sikio. Gunnar alinifundisha hivyo na sijapata chombo bora. Nilitambaa na glasi yangu sebule nzima, matako juu, mbele ya viti vya harusi. Karibu na dirisha nikamsikia. Alikuwa anahema, kwa taabu, pumzi fupi fupi. Udongo ulikuwa umemfunika nyuma, na mbele alikuwa mama nyegere. Kumchimba kutoka nje ingechukua kutwa, na hakuwa na kutwa. Nikawaeleza. Sikusema neno sakafu. Hakuna aliyelisema. Wote wanne tulikuwa tunaitazama.

Gunilla alikuwa amesimama kwenye kizingiti, hajaingia ndani hasa. Akamwambia Shaaban, "Siwezi kukuomba hilo." Akaanza kuuzungusha ule mkanda mkononi.

Shaaban akaniuliza kama bado yu hai. Nikamwambia yu hai, lakini sijui kwa muda gani. Akavua saa yake akaiweka dirishani. Akatoka. Zuhura alidhani ameondoka kwa hasira, akaanza kunong'ona kitu kwa Kiswidi, ndipo baba yake akarudi na msumeno wa umeme. Nikanyoosha mkono niupokee, maana hiyo ni kazi yangu. Akakataa.

"Nimeiweka mwenyewe," akasema, "nitaitoa mwenyewe."

Nilimchorea mstari kwa chaki, akapiga magoti, akakata. Vumbi la mwaloni likapanda hadi kwenye vitambaa vyeupe. Akaung'oa ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaziegemeza ukutani kwa upole kama anavyolazwa mtoto. Nikamulika tochi ndani. Mbele ya uso wangu, umbali wa shubiri, yalikuwepo makalio ya nyegere.

Sauti, wanangu, chini ya sakafu inadanganya. Inatembea kwenye zege, inagonga, inarudi. Nilikosea kwa karibu hatua mbili. Yule mama akaanza kujigeuza, na nyegere akijigeuza hafanyi haraka, anageuka kama basi kwenye barabara nyembamba, lakini akimaliza kugeuka una matatizo. Zuhura ndiye aliyewahi. Alichukua sinia moja kubwa la pilau, akalifunika shimo, akakaa juu yake. Bibi harusi mtarajiwa, amekaa kwenye sinia, na chini yake linagongwa kama ngoma.

"Baba," akasema kwa Kiswahili, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumsikia akianza sentensi kwa lugha hiyo bila kulazimishwa, "kata upande ule. Upesi."

Wakaanza kusemeshana tena bila mkalimani. Shaaban akakata shimo la pili, karibu zaidi na dirisha, nikalala kwa tumbo nikaingiza mkono hadi begani. Nikagusa udongo, nikagusa udongo, nikagusa sikio. Nikamfukua kwa vidole. Nilipomshika ngozi ya shingo nikamvuta, akanizamishia meno kwenye kiganja. Miaka yote ya kazi hii nyegere hakuwahi kunigusa hata buti, iwe na mkaa au bila mkaa. Aliyening'ata ni yule niliyekwenda kumwokoa. Alama bado ipo, mkija nyumbani nitawaonyesha.

Akatoka kama mtu anayezaliwa, mweusi, macho yamejaa mchanga, pua imechanika kidogo. Gunilla alikuja akapiga magoti sakafuni, hajali ndara wala nini, akampakata. Na Sixten alipoona yu hai akafanya kile afanyacho kila mbwa. Akajikung'uta. Udongo, mate na damu kidogo viliruka sebule nzima, kwenye viti vyeupe, kwenye masinia, kwenye kuta, kwenye shati la Shaaban, kwenye ndevu za Shaaban.

Mnajua, au wale wenu mliosoma madrasa mnajua, mbwa akilamba chombo au kumwagia mtu mate, kwa taratibu za Waislamu wa kwetu ni kuosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Hata mimi Mkatoliki najua, nimekaa na Waswahili vya kutosha. Nilimtazama Shaaban akitazama nyumba yake. Viti. Masinia. Shimo la kwanza na binti juu yake, shimo la pili, na vilima vya udongo wa Vällingby juu ya mwaloni. Akapitisha mkono kwenye ndevu, akautazama.

"Udongo," akasema, "tunao wa kutosha."

Zuhura ndiye aliyeanza kucheka, na kwa kuwa alikuwa juu ya sinia, sinia nalo likaanza kutetemeka, mama nyegere akagonga kwa chini kuuliza kuna nini. Gunilla hakuelewa maneno, akacheka tu na machozi yake. Mimi nilikuwa natokwa na damu kiganjani na hakuna aliyenijali, nikacheka pia.

Harusi ilifanyika. Viti viliazimwa vingine, na nusu ya vitambaa vilifuliwa kwa mashine ya Gunilla, aliyekuwa anazunguka nyumba zote mbili na kapu kama mpambe wa kukodiwa. Mashimo tuliyafunika kwa mbao nene na juu yake zulia, na kochi la bwana na bibi harusi likawekwa hapo hapo, ili asipite mtu. Katikati ya dua mkwe kutoka Mombasa, mzee mwenye heshima zake, aliinamisha kichwa akasikiliza, akamuuliza Shaaban kwa sauti ya chini kama kuna mtu amelala. Shaaban akamjibu kwamba ni jamaa wa upande wetu, wamechoka na safari. Yule mzee akaridhika. Ndiye pekee, nadhani, ambaye hadi leo hajaambiwa.

Mwisho wa kiangazi nilirudi kuwatoa. Hapo palitaka subira zaidi kuliko ufundi. Unaweka kwenye tundu mlango mdogo wa bawaba unaosukumika kuelekea nje tu. Wanatoka kutafuta minyoo, wakirudi hapafunguki, basi wanakwenda kwenye makao mengine, maana nyegere mwenye akili ana nyumba zaidi ya moja. Ukishahakikisha hakuna aliyebaki ndani, unafukia, unazika wavu wa chuma kuzunguka nguzo, na chini unaukunja uelekee nje. Usipoukunja, anachimba mpaka anaukuta, anaufuata kwa chini, na wiki ijayo unaitwa tena na mwenye nyumba hakukaribishi kahawa. Hilo lishikeni.

Fundi seremala alipokuja kurudisha sakafu, Shaaban alimruhusu kuziba shimo la kwanza. La pili, lile la Sixten, alikataa lisizibwe. Aliagiza lifanywe mlango, na bawaba za shaba na kipete cha kuinulia. Seremala alimuuliza ni wa nini. Shaaban akamwambia kwamba mbwa wa jirani ana akili ndogo.

Akaishi na mlango huo sebuleni mpaka alipostaafu. Mwaka jana magoti yake nayo yalianza kama yangu, na Zuhura akamtaka ahamie ghorofa kule Farsta, karibu na wajukuu. Nyumba ikabidi iuzwe. Dalali alikuwa kijana mtanashati wa viatu vyenye ncha, akapima kila chumba, na alipoona kile kipete cha shaba akafurahi sana. Tangazo lilipotoka lilisema nyumba ina sakafu ya mwaloni iliyotengenezwa kwa mkono na, chini yake, nafasi ya ghala la mvinyo.

Shaaban alinipigia simu. Alhaji mzima, ananisomea tangazo la ghala lake la mvinyo. Alimwambia dalali aandike ukweli, dalali akamwomba asimfukuzie wateja. Kwa hiyo siku ya watu kuja kuangalia nyumba Shaaban alivaa kanzu, akaweka kiti kando ya ule mlango, na kila aliyeingia alimsimulia kisa kizima, kuanzia redio. Mimi nilikuwa jikoni, nimeitwa kama shahidi, kiganja changu kikiwa tayari kuonyeshwa. Dalali alikuwa anafuta jasho. Watu waliovaa vizuri walisikiliza nusu, wakatabasamu kwa adabu, wakaenda kuangalia bafu.

Kisha akaingia msichana mmoja, rika lenu, peke yake, na koti la mvua. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainua mlango kwa kipete, akalala kwa tumbo pale pale kwenye mwaloni, akachungulia ndani, kichwa chote. Sauti yake ikatoka shimoni, akauliza sasa wanaishi wapi.

"Kwa jirani, chini ya banda lake la zana," Shaaban akamjibu kwa Kiswidi chake cha Tanga. "Amekataa wasitolewe. Jioni huwa nakwenda kukaa naye tunawatazama. Ukinunua nyumba, sawa, ni yako. Ila kile kiti cha bluu ng'ambo ya ua usikikalie. Farsta si mbali."